Sura ya Sita: Skrubu Fupi

Siku ya tatu asubuhi, Inspekta aliamuru fundi atolewe mahabusu, afunguliwe pingu, apewe bisibisi.

"Bisibisi?" Koplo aliuliza. "Afande, huyu si ndiye mtuhumiwa wetu?"

"Na keekee pia. Ile ndogo ya mkono."

Koplo alikuwa mama mtu mzima, mwenye wajukuu wawili na magoti yanayomsumbua, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona mahabusu akikabidhiwa chombo cha kutobolea. Lakini alishamzoea mkubwa wake. Kituo kizima walimwita Taratibu, mbele yake kwa heshima na nyuma yake kwa kicheko, kwa sababu hata jengo likiwaka moto angeuliza kwanza kitabu cha matukio kiko wapi. Koplo akaenda kuvileta shingo upande, huku akisema kwamba jicho la mtu likitobolewa humo ndani yeye hayumo.

Gitaa lilikuwa mezani, limelazwa juu ya gazeti. Halikuwa la mbao kama mengine. Hili lilikuwa rezoneta, la chuma mwili mzima, na watu walilijua zaidi kama gitaa la bati. Tumboni mna bakuli jembamba la alumini ambalo ndilo linalovumisha sauti, na juu ya bakuli kumefungwa sahani yenye matundu, imeshikwa kwa skrubu tisa kuzunguka ukingo. Uzito wake karibu kilo nne na nusu. Kilo hizo ndizo zilizomwangukia mfunga nyaya Jumamosi alasiri, ukumbini, wakati wa mazoezi ya bendi. Mwanamuziki alikuwa jukwaani, gitaa kalivaa kwa mkanda. Mfunga nyaya alikuwa chini, amechuchumaa anachomeka waya. Mwanamuziki akajizungusha kwa mbwembwe zake, mkanda ukachomoka upande wa mkiani, gitaa likaruka ukingo wa jukwaa likamkuta mwenzake kichwani. Tangu hapo yuko hospitali, hajafumbua macho.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ajali, fundi huyu ndiye aliyefunga kufuli za mkanda kwenye gitaa hilo. Basi kila kidole kikamwelekea yeye. Faili lilikuwa liende mahakamani kesho yake kwa kosa la uzembe, na mfunga nyaya akifa, kosa linapanda daraja na fundi anaweza kuzeekea ndani. Mwenyewe alilijua hilo. Koplo alipomfungua pingu, fundi alishika bisibisi kabla ya kuketi.

"Nionyeshe ulivyofanya Alhamisi," Inspekta alisema. "Usiruke hatua hata moja. Gitaa usiliguse, hilo ni kielelezo. Tumia kipande hiki cha mti." Akamsogezea mkanda mtupu na pakiti mpya ya kufuli za aina ileile, ambayo Koplo alikuwa ametumwa kuitafuta duka la vyombo vya muziki.

"Kwanza nalegeza nyuzi zote," fundi alisema.

"Za nini? Unashughulika na mkanda, nyuzi zinahusu nini?"

"Hapo ndipo watu wanapoharibu, afande. Gitaa la mbao, kifungo cha mkanda kimesimama peke yake. La bati siyo. Skrubu ya mkiani inashika vitu viwili: kifungo cha mkanda, na hiki kibati kinachofunga mikia ya nyuzi. Ukiitoa nyuzi zikiwa zimekaza, kibati kinafyatuka, unaondoka na kidole kimechanika. Lazima ulegeze zote sita."

Inspekta akaandika: zote sita. Akapiga mstari chini yake.

Fundi akafungua pakiti. Ndani mlikuwa na vifungo viwili vya kukaa kwenye gitaa, kufuli mbili ndogo za kukaa kwenye mkanda, washa, nati, na skrubu mbili. Akaifunga kufuli moja kwenye ncha ya mkanda, akakaza nati, akaonyesha kipini chenye springi kinachoingia ndani ya kifungo. "Ukisikia ta! ujue imekubali. Hapo hata uruke samasoti, mkanda hautoki. Kufuli hazina kosa, afande. Balaa huwa kwenye skrubu."

"Zina nini?"

"Hizi za pakiti ni fupi. Mbele, kwenye shingo, inatosha, kule ni mti mtupu. Mkiani haitoshi. Inapita kifungo, inapita kibati, inapita ukuta wa chuma, ndipo inafika kwenye mti wa ndani. Fupi ikifika hapo imebakiwa na ncha tu. Kwa hiyo mkiani nilirudisha skrubu ndefu ya zamani. Ilikuwa nene, nikatanua tundu la kifungo kwa keekee. Nikaipaka sabuni isije ikapasua mti, nikaikaza kwa mkono."

Inspekta akafungua bahasha, akamwaga kielelezo juu ya karatasi nyeupe: kifungo cha mkiani, na skrubu bado ikiwa ndani yake. Ilikuwa fupi.

Fundi aliitazama, uso ukamsawijika. "Hiyo sikuiweka mimi."

"Wote husema hivyo," Koplo alisema.

"Mama, ile fupi iliyobaki niliirudisha ndani ya pakiti. Kilichobaki ni mali ya mteja, siku zote. Mke wangu ndiye aliyepeleka gitaa, na pakiti nilimpa."

"Endelea na kazi," Inspekta alisema. "Bado hujamaliza."

Fundi akakaza skrubu kwenye kipande cha mti, akajaribu kutikisa kifungo, hakikutikisika. Kisha akamgeukia Koplo kwa aibu kidogo. "Mama, samahani. Una rangi ya kucha?"

"Ala! Mimi na umri huu?"

Lakini droo ya pili ilikuwa na kichupa, nyekundu iliyokolea, na Koplo alikitoa huku akiangalia dirishani. Fundi akadondosha tone moja ndani ya kifungo, pale kichwa cha skrubu kinapokutana na ukuta wa kifungo. "Huwa namalizia hivi, naiba ya mke wangu. Likishakauka, mtu akigusa skrubu, linakatika. Mteja akirudi na malalamiko yake, natazama tone, najua kama kuna mkono mwingine umepita."

"Mbona siku ya kwanza hukusema?"

"Siku ya kwanza hamkuniuliza nilivyofanya, afande. Mliniuliza kwa nini nimefanya."

Koplo akakohoa. Inspekta alichukua kioo cha kukuzia, akainamia gitaa. Kifungo cha mbele kilikuwa na tone jekundu, zima. Akahamia kwenye kifungo cha mkiani kilichokuwa juu ya karatasi: ukutani mwa kifungo palikuwa na nusu ya tone, imekatika kwa mstari mkali. Kichwa cha skrubu fupi kilikuwa kisafi, hakina hata chembe ya wekundu.

"Piga picha," alisema. "Hiki, na hiki. Halafu habari ya tone isitoke chumba hiki."

"Huenda alibadilisha mwenyewe baadaye," Koplo alinong'ona baada ya fundi kurudishwa ndani.

"Huenda. Tutajua."

Mke wa fundi alikuwa kwenye benchi la mapokezi, na chombo cha chakula mapajani, kama alivyokaa jana na juzi. Inspekta alikaa karibu naye. Mwanamke huyu alikuwa pia mdogo wake mwanamuziki, wa tumbo moja, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa kwanza wa faili bila mtu kulitilia maanani.

"Alhamisi jioni nilimpelekea kaka gitaa lake," alisema. "Nyuzi zilikuwa zimelegea. Mume wangu hazikazi, kaka hataki. Kaka akazikaza mwenyewe, nikanywa maji, nikaondoka."

"Na pakiti?"

Alishusha macho kwenye kile chombo. "Sikumbuki."

"Mumeo anasema alikupa."

"Mume wangu hasemi uongo."

"Basi ulikuwa nayo."

"Sikumbuki, afande."

Alisema bila kujitetea, machozi yakimlengalenga. Wazazi wao walifariki yeye akiwa darasa la tatu, na kaka ndiye aliyemlea kwa kupiga gitaa hilohilo kwenye shughuli za watu. Inspekta alishaonana na mashahidi wenye kusahau, akajua kwamba huyu alikuwa anakumbuka kila kitu. Hakumbana. Aliandika "hakumbuki" na saa, akainuka.

Ukumbini walimkuta mpiga gitaa la pili. Koplo alikuwa na matumaini makubwa na huyu, kwa kuwa wanabendi watatu walishamtaja: alikuwa hapikiki chungu kimoja na mwanamuziki, na wiki iliyopita alikuwa amenunua pakiti ya kufuli kama zilezile. Alipoulizwa hakukataa.

"Nimenunua. Za gitaa langu hizi hapa." Akaligeuza gitaa lake la mbao. Koplo akafungua vifungo vyote viwili kwa bisibisi, akatoa skrubu mbili fupi, akazihesabu kama aliyetarajia ziwe moja.

"Mnagombana na mwenzako," Inspekta alisema.

"Nani hagombani naye? Mtu anavimba kama andazi. Lakini kumfanyia hila kwenye gitaa lile, ningeanzaje? Nikilegeza zile nyuzi nitazirudishaje? Ana mkazo wake mwenyewe, siyo huu wetu wa kawaida. Akitaka kukaza anatugeuzia mgongo! Miaka sita nacheza naye, mpaka leo sijui uzi wa nne anauweka wapi."

Inspekta akarudi kwenye ukurasa wa asubuhi, pale alipoandika zote sita. Aliutazama kidogo, akafunga daftari.

Mwanamuziki aliwapokea kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Watu walimwita Bati, na alikubali kuitwa hivyo. Alikuwa mtanashati wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, na alizungumza kama mtu anayehojiwa na redio.

"Shemeji yangu ni mtu mwema," alisema. "Nasikitika sana. Lakini kazi yake mmeiona."

"Baada ya kukabidhiwa gitaa, nani mwingine aliligusa?"

"Gitaa la marehemu baba? Haligusi mtu. Nikimaliza nalifungia kabatini, ufunguo huu hapa shingoni, hata kuoga naoga nao."

"Nani anaweza kukaza nyuzi zake?"

"Mimi. Basi. Baba alinifundisha mimi peke yangu, hata mdogo wangu sikumwonyesha. Mtu akizichezea, nitajua kabla sijafika uzi wa pili."

"Zilichezewa?"

"Hapana. Nilizikaza Alhamisi mwenyewe, nikapiga Ijumaa kutwa, nikapanda nazo jukwaani Jumamosi."

"Kazi ya fundi uliikagua?"

"Wee! Alhamisi hiyohiyo jioni niliimulika kwa tochi, mbele na nyuma. Nikacheka peke yangu. Fundi mzima anapaka gitaa rangi ya kucha! Huku tone, huku tone, kama anampamba bibi harusi."

Koplo ghafla aliona haja ya kufunga kamba ya kiatu. Inspekta hakuinua kichwa. "Tone mbele na tone nyuma," alirudia, akiandika polepole.

"Mekundu, yanang'aa."

"Na pakiti yenye skrubu iliyobaki?"

"Pakiti gani? Mimi sijaona pakiti."

Inspekta akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, neno kwa neno, kisha akampa kalamu atie sahihi chini ya kila ukurasa. Bati alitia sahihi zenye mikia mirefu, kama anazotoa kwa mashabiki, akakubali kuwafuata kituoni kwa gari lake.

Simu ya hospitali ililia wakiwa njiani kurudi. Koplo alisikiliza, akasema "asante, daktari," akaweka simu mapajani. Mfunga nyaya alikuwa amefariki saa tano na dakika kumi.

"Afande," alisema walipofika uani, "Bati yuko nyuma yetu na gari lake, unakwenda kumhoji. Usimwambie kwanza. Akijua mtu amekufa hatafungua mdomo."

"Mtu anayehojiwa huambiwa anahojiwa kwa kosa gani."

"Na fundi akizeekea jela kwa ajili ya taratibu yako?"

Inspekta alisimama na mkono kwenye mlango wa gari. Wakaingia ndani.

Chumbani aliwaweka wote watatu: fundi na pingu zake, mkewe, na Bati. Gitaa lilikuwa palepale mezani. Akawaambia kwanza habari ya kifo. Fundi alifunika uso kwa mikono yote miwili, mkewe akasema "ya Rabi" kwa sauti ndogo. Bati alikaa wima, lakini ule uso wa redio ukamtoka.

Kisha Inspekta akasoma. Hakupandisha sauti wala hakumtazama mtu. Alisema kwamba skrubu ya mkiani ilibadilishwa baada ya tone la rangi kukauka, na nusu ya tone hilo bado iko kwenye kifungo. Akasema kwamba, kwa maneno na sahihi ya Bati mwenyewe, Alhamisi jioni tone la nyuma lilikuwepo na linang'aa. Akasema kwamba skrubu hiyo haitoki mpaka nyuzi zote sita zilegezwe, na kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kuzirudisha. Mtu huyo huyo ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

Bati alipangusa magoti ya suruali. "Hayo ni maneno. Nataka wakili."

"Ni haki yako. Koplo, mpe simu."

Koplo alimtazama mkubwa wake kwa macho yanayosema si nilikwambia. Bati akashika simu, akaanza kutafuta namba.

"Kaka," mke wa fundi aliita.

Bati hakugeuka.

"Kaka, pakiti nilikupa mkononi. Ulikuwa umekaa kitandani. Ukasema, takataka hizi nazipeleka wapi, ukaitia mfuko wa shati. Lile la bluu."

"Wewe?" Sasa aligeuka. "Mdogo wangu, wewe wa kunisemea mimi polisi?"

"Ni mimi." Alikuwa analia lakini sauti haikumkatika. "Ulinilea, ukanisomesha, ukalala njaa mimi nikala. Sijasahau hata siku moja, na nitakuheshimu mpaka nife. Lakini siwezi kukurudishia fadhila kwa kumtoa kafara baba wa watoto wangu."

Bati aliiweka simu mezani. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa leso iliyokunjwa vizuri, akaifungua juu ya gazeti. Mlikuwa na skrubu ndefu, ya shaba, imechakaa. Kwenye ukingo wa kichwa chake palikuwa na nusu ya tone jekundu.

"Nilishindwa kuitupa," alisema. "Aliiweka baba kwa mkono wake."

Koplo akachomoa skrubu fupi kwenye kifungo, akaishika ndefu kwa kibanio, akaiingiza mahali pake, akaizungusha mpaka nusu mbili za tone zikakutana.

"Kwa nini uliitoa?" Inspekta aliuliza.

"Gitaa lilikuwa linakwaruza. Nilipolikaza tu Alhamisi nikalisikia, zzz, zzz, kama nyuki kwenye chupa. Nikajua ni skrubu, kaikaza mno, imepenya mpaka inagusa bakuli. Ijumaa usiku nikaitoa, nikaweka fupi. Bado likakwaruza. Nikasema nitaliangalia baada ya mazoezi."

Fundi aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe alisahau kuogopa. "Skrubu haifiki kwenye bakuli, shemeji. Katikati pana mti wa unene wa vidole viwili." Akamtazama Inspekta. "Naomba niguse. Nigonge tu."

Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Fundi akagonga sahani kwa kifundo cha kidole. Zzz. Akazunguka ukingo, akibonyeza skrubu za sahani moja baada ya nyingine, na kila akibonyeza anagonga. Ya tano alipoiwekea gumba na kugonga, sauti ikatoka safi, ndefu, ikajaa chumba chote.

"Hii hapa. Imelegea. Tazama vumbi lilivyoganda chini ya kichwa chake, hii si ya Jumamosi wala ya Alhamisi. Inataka robo mzunguko tu." Akameza mate. "Ungeniambia, shemeji. Ningekuja nyumbani nikaikaza, nikanywa maji, nikaondoka."

"Nikuambie wewe?" Bati alisema. "Nikuambie wewe kwamba gitaa la baba limenishinda?"

Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa umeanza kupapasa mezani, unatafuta bisibisi bila mwenyewe kujua.

"Usiikaze," Inspekta alisema. "Ni kielelezo."

Fundi akaondoa gumba. Koplo akamfungua pingu, mara hii bila kuambiwa, akavuta faili, akakata jina kwenye jalada, akaandika jingine juu yake. Mke wa fundi alisimama katikati ya mumewe na kaka yake. Chakula alichobeba tangu asubuhi kilikuwa cha mtu mmoja, mtu wa mahabusu. Alikishika kidogo, kisha akakiweka mbele ya kaka yake, akamfunulia kifuniko.